Skrubu Tano za Macintosh

Macintosh ya kwanza, kompyuta ya Apple iliyozinduliwa Cupertino, California, tarehe 24 Januari 1984, ilifungwa kwa skrubu tano. Mbili zilizama ndani kabisa ya shimo la mpini wa juu, mahali ambapo bisibisi ya kawaida haifiki. Mbili zilikuwa nyuma upande wa chini, na ya tano ilikaa ndani ya kijumba cha betri, ambapo asiyeambiwa angeweza kuhangaika muda mrefu akijiuliza kwa nini ganda halitoki. Vichwa vyake vilikuwa vya Torx, ile nyota ya ncha sita, ambayo nyumba nyingi za wakati huo hazikuwa na bisibisi yake. Hata skrubu zote zikitoka, plastiki ilibana kiasi kwamba mafundi walitumia koleo maalumu kuipanua. Nia ilikuwa wazi: mwenye mashine asiingie ndani. Kwa sababu hiyo Macintosh ndogo, yenye kioo cha inchi 9 na karibu kila kitu ndani ya sanduku moja, hutajwa mara kwa mara kuwa babu wa vifaa vya leo vinavyobandikwa kwa gundi na kumnyima fundi riziki. Kwa maoni yangu babu huyu amesingiziwa. Zaidi ya miaka 40 baadaye mashine hizo bado zinatengenezwa, tena kwa undani kuliko zilivyotengenezwa zilipokuwa mpya, kwa sababu mbili zisizohusiana na skrubu: hitilafu zake zinasomeka, na vipuri vyake vingi ni vya kawaida. Ganda gumu humchelewesha fundi dakika chache tu. Kinachozika mashine ni hitilafu isiyojieleza na kipuri kisicho na mbadala.

Kufunga mashine hakukuwa desturi ya Apple tangu mwanzo. Apple II ya 1977 ilikuwa na kifuniko cha kuinua kwa mikono mitupu na nafasi nane za kuchomeka kadi, na mwongozo wake wa 1978, uliojulikana kwa jalada lake jekundu, ulichapisha mchoro mzima wa saketi. IBM nayo, ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, iliuza kitabu cha kiufundi chenye michoro pamoja na maandishi ya programu ya msingi iliyomo kwenye chipu za ROM. Mradi wa Macintosh, ulioanzishwa na Jef Raskin mwaka 1979 na kushikwa na Steve Jobs mwaka 1981, ulishika njia nyingine. Jobs alitaka kifaa cha kuwekwa mezani na kutumiwa bila kuwazia kilichomo ndani, kisicho na nafasi za kadi, na kisicho na feni maana feni hupiga kelele. Mvutano uliotokea umesimuliwa na Andy Hertzfeld, mmoja wa walioandika programu za mashine hiyo. Burrell Smith, msanifu wa bodi ya kidijitali, alijaribu kupenyeza nafasi ya upanuzi kwa kuiita mlango wa uchunguzi, eti wa kuwasaidia wapimaji kutafuta hitilafu. Mhandisi Rod Holt akashtukia kwamba hiyo ni nafasi ya kadi iliyovishwa kanzu, ikaondolewa. Smith hakukata tamaa. Alipitisha njia chache za ziada kwenye bodi ili mtu mwenye chuma cha kulehemu aweze siku moja kung'oa chipu za kumbukumbu na kuweka za kizazi kinachofuata, na hivyo kuigeuza mashine ya kilobaiti 128 kuwa ya 512. Jobs alipinga na hilo pia, lakini gharama yake ilikuwa senti, likapita. Tayari hapo, kabla hata mashine haijatoka kiwandani, kulikuwa na mtu aliyechora bodi akimfikiria fundi.

Ukilitoa ganda, upande wake wa ndani unakuta saini za waliobuni mashine, zilizokusanywa Februari 1982 na kuingizwa kwenye kalibu ya plastiki. Watu waliotia saini mahali ambapo mnunuzi hakutakiwa kufika ni wazi walitarajia kuna atakayefika. Kuna bodi mbili. Ya analogi imesimama wima upande wa kushoto wa mashine, ukiitazama kwa mbele, nayo inabeba usambazaji wa umeme pamoja na saketi zinazoendesha tyubu ya picha. Ya kidijitali imelala chini, na hiyo ndiyo yenye prosesa ya Motorola 68000 inayokwenda karibu megahezi 8, chipu mbili za ROM, na chipu 16 za kumbukumbu, kila moja ikiwa na kilobiti 64. Kati ya hizo kuna mantiki ya kuratibu nani anasoma kumbukumbu lini, prosesa au picha, na hapa historia ilipinda kwa namna ambayo fundi wa leo anapaswa kuishukuru. Kikosi kilijaribu kwanza kuikusanya mantiki hiyo ndani ya chipu moja ya kutengenezewa, waliyoipa jina Integrated Burrell Machine ili vifupisho vyake viwatanie washindani wao wa IBM. Jaribio halikufaulu, wakarudi kwenye chipu chache za PAL, ambazo hununuliwa tupu na kuandikiwa mantiki unayoitaka. Kama ile chipu ya utani ingefaulu, bodi ya 1984 ingekuwa na kitu kimoja kisichopatikana popote duniani isipokuwa kwenye bodi nyingine ya 1984. Badala yake, ukitoa chipu za ROM na ile chipu ya Apple ya kuendesha diski, karibu kila kitu kilichopo kilikuwa bidhaa ya katalogi.

Sasa tuone hitilafu inavyojieleza. Mashine ikiwashwa, programu ya ROM hujikagua yenyewe kwa kujumlisha namba zake, kisha huandika na kusoma kumbukumbu kwa mifumo mbalimbali, na baada ya hapo tu ndipo inapotafuta diski. Ukaguzi ukishindwa, kioo huwa cheusi, katikati panatokea picha ya kikompyuta kilichonuna, chenye misalaba mahali pa macho, kazi ya msanii Susan Kare. Umma ulikumbuka uso huo. Fundi hutazama chini yake, penye tarakimu sita za mfumo wa kumi na sita. Mbili za kwanza hutaja aina ya kosa: 01 ni ROM, 02 mpaka 05 ni majaribio manne tofauti ya kumbukumbu, na 0F ni kwamba programu ndiyo iliyoanguka, kwa hiyo fundi hujaribu kwanza diski nyingine kabla ya kupasha moto chuma chake. Nne za mwisho ndizo tamu. Tuseme zimeandikwa 041000. Ile 04 inasema kumbukumbu imeshindwa jaribio. Ile 1000, ukiigeuza kutoka mfumo wa kumi na sita kwenda wa mbili, ni moja ikifuatiwa na sufuri kumi na mbili, na kwa kuwa biti huhesabiwa kuanzia sufuri, mgonjwa ni biti ya 12. Katika mashine ya kilobaiti 128 kila chipu kati ya zile 16 hubeba biti moja ya kila neno, kwa hiyo biti ya 12 ni chipu moja unayoweza kuiwekea kidole. Pembezoni mwa bodi zimechapwa herufi na namba za kukuongoza hadi ilipo. Na kama zingekuwa 04FFFF? Chipu kumi na sita hazifi usiku mmoja. Fundi mwenye akili haziondoi hata moja. Anakwenda kupima kile kinachozihudumia zote, yaani umeme wake, au chipu zinazozigawia anwani.

Wapo watakaosema huu ni ujanja mdogo tu wa wahandisi. Mimi naona ni mkubwa. Mashine iliyonyimwa mlango wa uchunguzi ilipewa uchunguzi ndani ya ROM yake, bila kadi, bila kompyuta ya pili, bila programu ya siri ya muuzaji, na matokeo yakaandikwa kwenye kioo ambacho mwenye mashine alikuwa anakitazama. Apple haikumfunulia mnunuzi maana ya tarakimu zile. Lakini alama inayorudiwa kwa utaratibu uleule haiwezi kufichwa milele. Watu walilinganisha tarakimu na chipu walizobadilisha, jedwali likakamilika, na tangu hapo hakuna aliyehitaji tena ruhusa.

Bodi ya analogi haina tarakimu, ila ina dalili zake, na hapo hufanya kazi masikio na macho. Mlio wa kuwaka ukisikika huku kioo kikiwa giza, nusu ya mashine imeshatoka kwenye orodha ya washukiwa: umeme unafika kwenye bodi ya kidijitali, na bodi hiyo imeamka. Kilichobaki ni njia ya picha. Kioo kikionyesha mstari mmoja wa wima katikati, maana yake mwale wa elektroni bado unafika na bado unapanda na kushuka, ila hausukumwi tena kwenda kushoto na kulia. Mstari wa mlalo ni kinyume chake. Mstari wa wima ulikuwa ugonjwa maarufu wa Macintosh za mwanzo mpaka Plus ya 1986, na mara nyingi chanzo chake kilikuwa kidogo cha kuaibisha: ufa mwembamba wa mviringo kwenye lehemu, kuzunguka pini ya kiunganishi kinachopeleka umeme kwenye yoki, zile koili zilizovishwa shingoni mwa tyubu. Saketi hiyo huvuta picha kwa mlalo zaidi ya mara 22,000 kwa sekunde na hupitisha mkondo mkubwa. Pini hupata moto mashine ikiwaka, hupoa ikizimwa, na chuma na lehemu hutanuka kwa viwango tofauti, ndani ya sanduku lisilo na feni ambamo joto lote linategemea matundu ya juu. Miaka michache ya kuwasha asubuhi na kuzima jioni ikatosha. Wenye mashine waligundua wenyewe kwamba kofi la ubavu wa kushoto hurudisha picha. Kofi si tiba, lakini ni kipimo kizuri kabisa, kwa kuwa hitilafu inayotoweka kwa kutikiswa ni ya kiungo kilichoachia, si ya kipuri kilichokufa. Tiba ni kuifyonza lehemu ya zamani na kutia mpya. Mashine ikitoa mlio wa kupapasa, pa-pa-pa, bila kuwaka, habari ni nyingine: usambazaji wa umeme unajaribu kuanza, unakutana na njia fupi, unajizima, unajaribu tena. Hapo mshukiwa wa kwanza ni transista ya mlalo au flaibaki, ile transfoma ya volti kubwa za tyubu, jina ambalo kila fundi televisheni wa Kariakoo au Gikomba analijua. Na kama mashine inawaka na kujizimazima ovyo, multimita kwenye tundu la diski ya nje lililoko nyuma itasema kama ile laini ya volti 5 imeshuka chini ya 4.75, kiwango ambacho chipu za aina hiyo huanza kupotea njia. Hayo yote hupatikana kabla ya kugusa skrubu hata moja.

Kama ndivyo, sifa ya kutotengenezeka ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mfumo wa huduma. Wauzaji walioidhinishwa na Apple walifanya kazi kwa kubadilishana bodi nzima: mashine inakuja na mstari wa wima, bodi ya analogi inatolewa, nyingine inaingizwa, mteja analipa. Mchoro wa saketi haukutolewa kwa umma, na kampuni ndogo kama Bomarc ya Casper, Wyoming, ilipata soko kwa kuchora upya saketi hizo kwa kufuatilia bodi njia kwa njia. Mtetezi wa mfumo ule ana hoja ya maana. Saa ya fundi Marekani ni ghali kuliko kiungo cha lehemu, bodi iliyobadilishwa inarudi na dhamana, na mteja mwenye kazi ya kesho asubuhi hataki somo la elektroniki. Yote kweli, kwa miaka ile ambayo bodi za kubadilisha zilikuwepo ghalani. Shida ni kwamba anayebadilisha bodi hajui kilichoharibika. Akibadilisha mia moja atakuwa hodari wa kufungua skrubu, lakini hatakuwa amejifunza kwamba nyingi kati ya bodi hizo zilikuwa na ufa uleule mahali palepale. Aliyekusanya elimu hiyo na kuipeleka kwa watu alikuwa mwandishi Larry Pina, ambaye mwaka 1990 alitoa Macintosh Repair & Upgrade Secrets na mwaka 1992 The Dead Mac Scrolls. Kitabu hiki cha pili kinaanzia kwenye dalili: picha imekuwa hivi, sauti imekuwa vile, basi tazama kipuri hiki, namba yake ni hii. Ghala la Apple liliishiwa bodi za analogi za Plus. Vitabu vile havikwisha kazi.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na sipendi linavyopuuzwa na wapenzi wa ukarabati. Tyubu ya picha hufanya kazi kwa zaidi ya volti 10,000, na kioo chake kinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kung'olewa ukutani. Shingo yake ni nyembamba; bisibisi ikiponyoka, hewa huingia na tyubu imekufa. Upande wa ingizo la umeme wa ukutani nao umekaa wazi kwenye bodi ileile. Mtu asiyejua kuiondoa chaji ile, kwa waya ulioungwa kwenye fremu ya chuma na ncha iliyopitishwa chini ya kile kikombe cha mpira kwenye tyubu, hana biashara ndani ya sanduku hilo, na skrubu za shimoni zilimwokoa mtu huyo. Lakini hoja hii inathibitisha kidogo kuliko inavyodai. Televisheni zilikuwa na hatari ileile, nyingine kubwa kuliko hiyo, na Marekani tangu 1946 kampuni ya Howard W. Sams ilikuwa ikichapisha michoro na vipimo vya redio na televisheni kwa ajili ya mafundi wa mtaani. Hatari ilijibiwa kwa maarifa, na taaluma nzima ikasimama juu yake. Kumzuia asiyejua na kumficha anayejua ni mambo mawili. Skrubu zilifanya la kwanza. La pili lilifanywa na sera ya karatasi, na mimi nalaumu sera.

Kuna ushahidi mwingine, na huu ndio unaonishawishi zaidi, kwa kuwa unageuza matarajio. Jobs aliondoka Apple mwaka 1985, na Macintosh SE ya Machi 1987 ikaja na yale yote aliyoyakataa: feni, na nafasi ya kadi. SE/30 ya Januari 1989 ilikwenda mbali zaidi, ikiwa na prosesa ya 68030 na uwezo wa kufikisha megabaiti 128 za kumbukumbu, kiwango cha ajabu kwa sanduku la wakati ule. Kwa kipimo cha uwazi, hizi ni mashine rafiki kuliko ile ya 1984. Kwa kipimo cha kufufuka, mambo ni magumu kuliko hapo. SE/30, na baada yake Classic ya 1990 iliyouzwa dola 999, zilitumia kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi, za aina ambayo kwa miaka huvujisha majimaji yake. Majimaji hayo hupitisha umeme na hula shaba. Dalili ya kwanza ya SE/30 ni sauti kufifia. Baadaye diski ngumu haionekani. Mwishowe kioo hujaa michirizi, picha ambayo wapenzi wake huiita Simasimac. Hapo hitilafu imepoteza ufasaha wake. Michirizi ileile inaweza kutokana na njia iliyoliwa chini ya kapasita, au tundu la kuunganisha tabaka za bodi lililokatika ndani, au kumbukumbu isiyokaa sawa, na fundi hulazimika kuiosha bodi kwanza, wengine kwa mashine ya kuoshea vyombo, niamini, kisha kufuatilia njia moja moja kwa multimita. Juu ya hayo ipo betri ya lithiamu ya volti 3.6. Plus na ndugu zake waliiweka betri yao kwenye kijumba cha nyuma, inayotolewa kwa kidole. Katika mashine za baadaye iko juu ya bodi ya kidijitali, na ikipasuka hugeuza robo ya bodi kuwa kutu. Bodi ya kidijitali ya 1984, ile ya sanduku lililofungwa, haina msiba wowote kati ya hiyo miwili. Uwazi wa kuongeza vitu, kwa hiyo, ni sifa moja, na uwezo wa kutengenezeka ni sifa nyingine, na mtu anayepima moja kwa kutumia nyingine atakosea mara nyingi.

Classic ina utetezi wake mmoja unaostahili kutajwa. Mfumo wa uendeshaji kamili ulifichwa ndani ya ROM yake, na mtu akiiwasha huku ameshikilia vitufe vya Command, Option, X na O kwa pamoja, mashine huwaka bila diski yoyote. Kwa fundi huo ni mgawanyo safi wa maswali: ikiwaka hivyo, bodi ni nzima na aliyekufa ni diski ngumu. Apple haikuuza mashine hiyo kwa sifa hiyo, na mfano uliofuata, Classic II, haukuwa nayo.

Mwenye shaka atasema pia kwamba ninachokiita kutengenezeka ni mapenzi tu: watu hufufua Macintosh kwa sababu wanaihusudu, na wangefufua chochote walichokihusudu. Tarehe zinampinga. Vitabu vya Pina vilitoka wakati Plus ilikuwa ndiyo kwanza imeondolewa sokoni, Oktoba 1990. Wasomaji wake walikuwa na barua za kuchapa na hesabu za kufunga, hawakuwa wakusanya kale. Mapenzi yamekuja baadaye, na ni kweli yameleta nguvu kubwa: watu wamezichora upya bodi za SE/30 kutoka bodi zilizokufa, wamebadilisha diski ngumu zilizokwama kwa kadi za kumbukumbu kupitia vifaa kama BlueSCSI, na wanachapa kwa plastiki vigiya vya kutemea diski ambavyo vya asili yake vimevunjika vipandevipande. Ila mapenzi hayawezi kuchora bodi ambayo chipu zake hazinunuliki. Yanafanya kazi pale tu ambapo msanifu wa zamani aliacha kitu cha kushika. Wa mwisho atasema mashine za leo ni changamano mno, hivyo mfano wa 1984 haufundishi kitu. Sehemu ya hilo nakubali: hakuna atakayebadilisha transista moja kati ya mabilioni ndani ya prosesa. Lakini malalamiko makubwa ya mafundi simu wa leo hayahusu uchangamano. Yanahusu kipuri halisi kinachokataliwa na programu kwa sababu kimetoka kwenye simu nyingine, jambo lililofanya jimbo la Oregon kulitungia sheria mwaka 2024. Huo ni uamuzi wa mtu, kama yalivyokuwa maamuzi ya 1981.

Hata Macintosh ndogo ina mahali inapomshinda fundi, na mahali hapo panaonekana wazi ukifuata hoja hii. Chipu za PAL za 128K, 512K na Plus zimeshafumbuliwa mantiki yake, na mbadala wake huandikwa kwenye chipu mpya. Katika SE, kazi ile ya PAL ilikusanywa ndani ya chipu moja ya Apple, BBU, yaani ile ndoto ya Smith iliyoshindikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikatimizwa na wengine mwaka 1987. Kipuri hicho hakina katalogi. BBU ikifa, fundi anatafuta SE nyingine ya kuchinja, kwa kawaida ile ambayo betri ilishaila kona moja ya bodi lakini ikaacha chipu salama. Tyubu za picha nazo hakuna anayezitengeneza tena kwa ukubwa na umbo hilo, kwa hiyo iliyoungua fosfori au kuvunjika shingo nayo hutoka kwa marehemu. Ndiyo maana mafundi wazoefu hawatupi ganda lenye bodi mbovu, na ndiyo maana bei ya SE isiyowaka imeacha kuwa bei ya chuma chakavu.